Jinsi Rada Ilivyojifunza Kuisoma Menengai

Kati ya 1997 na 2000, ardhi ya Menengai, mlima wa volkeno unaouinamia mji wa Nakuru, ilishuka kwa sentimita chache tu. Volkeno ya Suswa nayo ilishuka. Kisha volkeno ya Longonot, kati ya 2004 na 2006, ikapanda kama sentimita 9. Mwendo huo ulinaswa na rada za setilaiti za Ulaya, zikipita karibu kilomita 800 juu ya Bonde la Ufa. Mtafiti Juliet Biggs na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 2009.

Ujuzi huo wa kupima kwa rada ni ndugu wa holografia, mbinu ya kuhifadhi umbo zima la wimbi la mwanga. Mwaka 1947 huko Rugby, Uingereza, Dennis Gabor, mzaliwa wa Budapest, alikuwa akitafuta namna ya kuboresha picha za hadubini ya elektroni. Kamera ya kawaida hunasa mwanga ulivyo mkali au hafifu, basi. Gabor alilichanganya wimbi lililotoka kwenye kitu na wimbi la rejea, akahifadhi pia mpangilio wa mawimbi yenyewe. Ila kila picha ilikuja na pacha wake, akaitia ukungu.

Pacha huyo alitengwa Marekani. Emmett Leith wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa akishughulikia rada, ambayo kumbukumbu zake kwenye filamu zilikuwa michirizi isiyosomeka mpaka zipitishiwe mwanga na lenzi. Yeye na Juris Upatnieks waliliinamisha wimbi la rejea, na kufikia 1964 walionyesha hologramu safi za leza. Gabor alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Baadaye kompyuta ilichukua kazi ya lenzi. Leo picha mbili za rada za mlima mmoja hulinganishwa, na tofauti huonekana kama miviringo ya rangi. Kwa ERS, mojawapo ya setilaiti hizo za Ulaya, mviringo mmoja ni sentimita 2.8 za mwendo. Sentimita 9 ni miviringo mitatu hivi. Lakini unyevu wa hewani hulichelewesha wimbi, ikaonekana kana kwamba mlima umesogea, na vichaka vikikua huvuruga mwangwi. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha picha nyingi za miaka mingi kabla ya kutoa kauli.

Visima vya mvuke vilianza kuchimbwa Menengai mwaka 2011, na data za setilaiti ya rada ya Sentinel-1, iliyorushwa 2014, hutolewa bure. Vyuo vyetu, kuanzia Egerton pale Njoro, viwafundishe vijana kuzisafisha na kuzisoma. Wanaoishi chini ya mlima ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kujua unapotikisika.