Kutoka Beerse hadi Ndera: Historia ya Dawa za Vipokezi vya Dopamini

Utangulizi

Ninaishi Masoro, katika sekta ya Ndera, wilaya ya Gasabo. Siku hizi mgeni akisikia jina la Masoro hufikiria ukanda maalumu wa kiuchumi wa Kigali na viwanda vyake, kikiwamo kile cha BioNTech kilichowekewa jiwe la msingi Juni 2022. Lakini kwa wenyeji wa Kigali, jina la sekta yetu lina maana ya zamani zaidi. Mtu akifanya jambo la ajabu, wenzake humtania kwamba apelekwe Ndera. Wanakusudia hospitali ya magonjwa ya akili, CARAES Ndera.

Utani huo nami niliucheka, mpaka mjomba wangu alipougua. Alitibiwa katika hospitali moja mbali na hapa, akarudi nyumbani akiwa hasikii tena sauti zilizokuwa zikimtisha usiku. Hata hivyo mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka, na hatua zake zilikuwa fupi kama za mzee. Jirani alisema amerogwa upya. Mama alidhani ugonjwa umetoka kichwani ukahamia mkononi. Baada ya miezi miwili mjomba aliacha vidonge kwa siri, na sauti zikarudi.

Insha hii imetokana na swali nililojiuliza wakati huo: kwa nini dawa inayotuliza akili itetemeshe mkono? Nimegundua kwamba jibu lake liko katika historia. Hoja yangu ni kwamba historia ya dawa hizi ni historia ya kujifunza kuchagua mahali pa kugusa katika ubongo, na kwamba kazi hiyo ya kuchagua haiishii kwa wakemia.

Dawa zilizotangulia maelezo yake

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba dawa zilipatikana kabla ya mtu yeyote kujua zinagusa nini. Kloropromazini ilitengenezwa katika kampuni ya Rhône-Poulenc, Ufaransa, mwishoni mwa mwaka 1950. Daktari wa upasuaji Henri Laborit aliitumia kwa wagonjwa wake akaona wanatulia bila kulala. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliijaribu katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, na wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele wodini wakaanza kuzungumza na wauguzi wao.

Mwaka huohuo, huko Basel, Uswisi, wakemia wa kampuni ya Ciba walitenga reserpini kutoka katika mizizi ya mmea wa Rauvolfia, ambao waganga wa India walikuwa wakiutumia tangu zamani. Ndugu yake mmea huo, Rauvolfia vomitoria, huota katika misitu ya Afrika, ikiwamo ya Kongo na Uganda, na nao una reserpini. Kwa hiyo mojawapo ya dawa zilizofungua njia ya kuujua ubongo ilikuwa ikiota karibu na kwetu.

Reserpini ndiyo iliyomwongoza Arvid Carlsson wa Uswidi. Mwaka 1957 yeye na wenzake waliwadunga sungura dawa hiyo, nao wakalegea wasiweze kusogea. Kisha wakawadunga DOPA, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini. Sungura wakazinduka na kutembea. Carlsson alionyesha kwamba dopamini ni mjumbe kamili katika ubongo, na kwamba mwendo wa mwili unaitegemea. Mwaka 1960, huko Vienna, Oleh Hornykiewicz alichunguza ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa wa Parkinson akakuta dopamini imepungua sana. Mwaka 2000 Carlsson alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel.

Hapo nilianza kuona jibu la swali langu. Dopamini ikipungua, mikono hutetemeka na viungo hukakamaa. Mwaka 1963 Carlsson na Margit Lindqvist walipendekeza kwamba kloropromazini na haloperidoli huzuia vipokezi, yaani mahali ambapo wajumbe wa ubongo hupokelewa. Dawa ya mjomba ilikuwa haloperidoli.

Beerse na Ndera

Haloperidoli ilitengenezwa mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen, katika mji mdogo wa Beerse, Ubelgiji, na ikajaribiwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Liège. Ubelgiji ndiyo iliyokuwa ikitawala Rwanda wakati huo. Hospitali ya Ndera nayo ina asili ya huko. Ilianzishwa mwaka 1968 na Mabruda wa Upendo, shirika la Kikatoliki lililozaliwa Ghent mwaka 1807, ikaanza kupokea wagonjwa mwaka 1972. Dawa na hospitali zilitoka katika nchi moja, kila moja kwa njia yake.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu. Kloropromazini na haloperidoli zilikuwamo, na hadi leo haloperidoli ni miongoni mwa dawa za akili zinazopatikana kwa urahisi katika nchi zenye kipato kidogo.

Hospitali ya Ndera haikuepuka historia ya nchi. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wamekimbilia humo waliuawa. Baada ya hapo nchi iliyojaa majeraha ya moyo haikuwa na wataalamu wa kuyatibu. Naasson Munyandamutsa, aliyerudi kutoka Uswisi, kwa muda alikuwa daktari bingwa pekee wa magonjwa ya akili nchini. Wauguzi wamefunzwa tangu wakati huo, huduma zimepelekwa katika hospitali za wilaya, na Ndera yenyewe imepata matawi Huye na Kicukiro.

Viti vitano

Vipokezi vyenyewe vilionekana baadaye. Mwaka 1975 Philip Seeman wa Toronto na Solomon Snyder wa Baltimore, kila mmoja na wenzake, walitumia dawa zilizotiwa mionzi kufuatilia zinanasa wapi katika ubongo. Ilibainika kwamba kadiri dawa inavyonasa kwa nguvu, ndivyo kipimo chake kwa mgonjwa kinavyokuwa kidogo. Mwaka 1979 John Kebabian na Donald Calne walivigawa vipokezi hivyo katika makundi mawili, D1 na D2. Kati ya mwaka 1988 na 1991 jeni zake zilitambuliwa moja baada ya nyingine, na hesabu ikafika tano: D1 na D5 katika kundi la kwanza, D2, D3 na D4 katika kundi la pili.

Ili kumweleza mama yangu, nilivifananisha vipokezi na viti. Dopamini ikikalia kiti, seli hupata ujumbe. Haloperidoli huja kukikalia kiti cha D2 bila kusema neno, na dopamini hukosa pa kukaa. Ujumbe uliokuwa ukizua sauti na hofu hupungua. Shida ni kwamba viti vya D2 vimo katika vyumba vingi vya ubongo. Vimo katika chumba cha mawazo, na vimo kwa wingi katika chumba kinachoongoza mwendo. Dawa inaweza kuchagua aina ya kiti, lakini haiwezi kuchagua chumba. Hiyo ndiyo sababu ya mkono wa mjomba kutetemeka.

Mchagua nazi hupata koroma

Madaktari wengi wa miaka ya 1950 na 1960 waliamini kwamba kutetemeka ni dalili ya dawa kufanya kazi. Klozapini ilivunja imani hiyo, kwani iliwatuliza wagonjwa bila kuwakakamaza. Lakini mwaka 1975 wagonjwa kadhaa walikufa Finland baada ya klozapini kuangamiza chembe nyeupe za damu zao, na nchi nyingi zikaiweka kando. Ilirudi baada ya utafiti wa John Kane wa mwaka 1988 kuonyesha kwamba iliwasaidia watu ambao dawa nyingine zilishindwa kuwasaidia. Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa sharti la kupima damu mara kwa mara.

Ilipobainika kwamba klozapini hunasa sana kwenye D4, wengi walitumaini kwamba hapo ndipo siri ilipo. Kampuni ya Merck ilitengeneza dawa iliyofunga D4 karibu peke yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba haikuwasaidia wagonjwa. Walichagua vizuri, ila walichagua kiti kisichohusika. Aripiprazoli, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002, ilichukua njia nyingine: hukikalia kiti cha D2 na kusema kwa sauti ya chini, ili ujumbe usizidi wala usikatike. Septemba 2024 Marekani iliruhusu dawa ya skizofrenia isiyogusa moja kwa moja vipokezi vya dopamini, baada ya zaidi ya miaka 70 ya kutegemea njia hiyo.

Katika historia hii yote, jambo lililonigusa zaidi ni la kipimo. Uchunguzi wa picha za ubongo uliofanywa Stockholm tangu miaka ya 1980 ulionyesha kwamba dawa hizi kwa kawaida husaidia zinapokalia takriban asilimia 65 hadi 80 ya viti vya D2. Zikivuka 80, mwili huanza kukakamaa. Maana yake ni kwamba hata haloperidoli, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inaweza kutumiwa kwa uangalifu zaidi iwapo mtu atapunguza kipimo kwa wakati. Na dalili ya kwanza ya kuvuka mpaka huo haihitaji mashine ya picha. Huonekana mkononi, mgonjwa anapoinua kikombe cha chai.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba dawa za dopamini zilianza kwa bahati, zikapata maelezo kupitia sungura wa Carlsson, kisha zikafuatwa na jitihada ndefu ya kuchagua kipokezi kimoja kati ya vitano. Jitihada hiyo imefanyika Paris, Beerse, Toronto na Stockholm. Masoro tuna kiwanda kipya na hospitali ya zamani katika sekta moja, na huenda siku moja sehemu ya kazi ya maabara ikafanyika hapa. Lakini sehemu nyingine ya kuchagua imekuwa mikononi mwetu siku zote: ya muuguzi anayeuliza, na ya familia inayoeleza ilichokiona bila aibu.

Mjomba alirudishwa kliniki. Muuguzi alimwomba anyooshe mikono yote miwili, akaitazama, akamwita daktari. Kipimo kikapunguzwa. Mkono bado hutetemeka kidogo asubuhi, lakini vidonge havifichi tena. Mama humwekea chai nusu kikombe, na mimi nimeacha utani wa Ndera.