Wa Pili Mara Tatu

Boston si mlima. Hapo ndipo inapowanasa watu.

Marathoni hiyo inaanzia Hopkinton, mji mdogo ulio juu, na kuishia katikati ya jiji la Boston, karibu mita 140 chini zaidi. Mwanzoni unateremka tu. Miguu inajiendea, saa inakusifu, unajiona umeiva. Ukishamaliza kama kilomita 25, unaingia Newton, kwenye vilima vinne. Cha mwisho kinaitwa Heartbreak Hill, na kupanda kwake ni kama mita 27. Mtu wa Iten akionyeshwa atacheka.

Jina hilo lilitokana na mbio za 1936. Johnny Kelley alimfikia Ellison Brown hapo Newton na kumgusa mgongoni, kama kumwambia pole. Brown akachomoka na kushinda. Kelley akamaliza wa tano. Mwandishi wa gazeti, Jerry Nason, ndiye aliyekibatiza kilima.

Lakini kilima chenyewe hakiui mtu. Kinachoua ni mteremko. Ukishuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: kila hatua inavutwa huku imekaza, na inachanika kidogo kidogo. Hausikii chochote. Bili inakuja Newton. Ndiyo maana wanaoijua njia hii hawafuati saa, wanafuata pumzi. Mteremkoni wanajizuia hata kama wana nguvu, mlimani wanafupisha hatua na kuacha kasi ishuke, mradi jasho libaki lile lile.

Sasa tumzungumzie Juma Ikangaa.

Sisi Wakenya tunaukumbuka mwaka 1988 kama wetu: Ibrahim Hussein alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Saa 2, dakika 8, sekunde 43. Tunachosahau ni kwamba alimpita Ikangaa, mwanajeshi wa Tanzania, wakiwa wanauona utepe. Sekunde moja tu. Mwaka 1989 Ikangaa akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 akaamua yaishe. Alitoka Hopkinton kama mtu anayedaiwa, akafika nusu ya mbio chini ya saa 1 na dakika 3. Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki, alimwacha aende. Kwenye vilima vya Newton akamkuta, akampita, akashinda kwa saa 2, dakika 8, sekunde 19. Ikangaa, wa pili. Mara ya tatu mfululizo.

Ni rahisi kumpiga na methali ya haraka haraka. Mimi siwezi. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza nilikuwa mbele ya kila mtu, silali, kila kazi naimaliza kabla ya wiki yake. Nilidhani ule ulikuwa uwezo wangu, kumbe ulikuwa mteremko. Vilima vilipokuja, karo na mitihani kwa pamoja, sikuwa na mapaja.

Kwa hiyo nimejiuliza sana kwa nini alikimbia vile. Nadhani jibu liko kwenye ile sekunde moja ya 1988. Ukishapitwa mbele ya utepe, unajua huwezi kuwasubiri wenzako mpaka mwisho. Lazima uwachoshe mapema. Na usidhani ulikuwa ujinga: Novemba 1989, miezi mitano tu kabla ya Bordin kumkuta, Ikangaa alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile. Moyo ulikuwa ule ule, njia ndiyo tofauti.

Mwaka 2023 Eliud Kipchoge alikwenda Boston. Akaongoza mwanzoni, kisha akaachwa huko huko Newton na kumaliza wa sita. Evans Chebet alishinda. Wa pili alikuwa Gabriel Geay, Mtanzania.

Siku hiyo watu walisema Kipchoge amezeeka. Labda. Lakini Boston ilikuwa inawafanyia watu hivyo tangu kabla hajazaliwa, na wengi wao hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wanajisikia vizuri mapema mno.