tsort: amri iliyodumu baada ya kazi yake kwisha

Leo tuangalie amri ndogo ambayo wengi wenu mnayo kwenye kompyuta na hamjawahi kuigusa: tsort.

Unaipa majina mawili mawili, na katika kila jozi jina la kwanza ndilo linalotangulia. Kwa mfano:

msingi ukuta
ukuta paa

Itajibu: msingi, ukuta, paa. Mistari miwili hata mtoto ataipanga. Ikiwa mia tano na imechanganyika, ndipo utaona faida.

Ilitoka wapi? Katika Unix za mwanzo, ld, programu inayounganisha vipande vya msimbo, ilisoma faili la maktaba mara moja tu, mwanzo hadi mwisho. Kipande kinachoita kingine kilipaswa kukaa mbele ya kile kinachoitwa, la sivyo ld ingekipita kile cha pili bila kukichukua. Basi amri ya lorder ilitoa jozi za nani anamwita nani, na tsort ikapanga foleni.

Unix Toleo la 7, lililotoka Bell Labs mwaka 1979, lilikuwa na tsort. Ajabu ni kwamba lilikuwa pia na ranlib, iliyoipa maktaba faharasa ili ld ichukue kipande popote kilipo. Kuanzia hapo kazi ya tsort ikaanza kuisha.

Mbona haikufutwa? Naona ni kwa sababu swali lake ni la zamani kuliko Unix. Mwaka 1962 A. B. Kahn alichapisha njia ya kupanga mitandao mikubwa, akitaja PERT, mbinu ya kupanga ratiba za miradi. Njia yenyewe: toa kisichotanguliwa na chochote, kifute, rudia. Ukikwama vitu vikiwa bado vimebaki, kuna mduara.

Mimi huitumia kupanga majedwali ya databesi kabla ya kuingiza data: wateja kwanza, kisha oda. Lakini jedwali la wateja likiwa na safu ya "oda ya mwisho" inayorejelea oda, kila moja linamsubiri mwenzake. tsort ya GNU itakutajia majina yaliyo kwenye mduara huo. Afadhali uambiwe na amri hii leo kuliko data ikwame katikati usiku wa kuhamisha mfumo.