Kutia Hamu ya Masomo: Habari za Kabete na Githunguri

Wenye kazi ya kuwafundisha walimu wanalo swali moja la tangu zamani: mwalimu afanyeje akipata mwanafunzi ambaye mwili wake umo darasani na moyo wake uko nje? Wengi hujibu kwa kutaja mbinu: hadithi, michezo, picha, sifa kwa mwenye kujitahidi na adhabu kwa mvivu. Mbinu hizo zina faida, wala si nia yetu kuzidharau. Lakini habari za Kenya baina ya mwaka 1925 na 1952 zatuonyesha kwamba liko jambo linalotangulia mbinu, nalo ni kujua mwanafunzi anakataa kitu gani hasa. Tutalitazama jambo hilo katika vyuo viwili vya nchi ya Wakikuyu, kimoja cha Kabete na kimoja cha Githunguri.

Asili ya chuo cha Kabete ilikuwa Marekani. Mwaka 1907 bibi mmoja wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alitoa dola milioni moja zisaidie shule za Wamarekani Weusi katika mashamba ya kusini. Mwaka uliofuata mwalimu Virginia Randolph alianza kuzizungukia shule za wilaya ya Henrico, katika jimbo la Virginia, akiwasaidia walimu wenzake kuunganisha masomo na usafi, bustani na kazi za mikono. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, ilipita Afrika Mashariki na kuisifu njia hiyo. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, chini ya J. W. C. Dougall, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie.

Kwa upande wa ufundi wa kufundisha, chuo hicho kilikuwa na mengi ya kusifiwa. Mwalimu hakuja peke yake, bali alikuja na mke wake na watoto wake, wakakaa katika nyumba za mfano wa kijiji. Mume alijifunza ualimu, kilimo na ufundi. Mke alijifunza malezi ya watoto, usafi na mapishi. Baada ya mafunzo hayo, mwalimu alirudi kwao kuzizungukia shule ndogo za vijijini, akiwaonyesha walimu wake namna ya kuhuisha masomo. Nia ilikuwa mtoto afundishwe kwa vitu anavyovijua: shamba lake, maji yake, nyumba yake. Hata leo ni vigumu kuikosoa kanuni hiyo.

Hata hivyo, wazazi wengi hawakuvutiwa, na watoto wao waliishika elimu ya jembe kwa mkono mzito. Wakubwa wa elimu walidhani kwamba hao ni watu wasiojua lenye faida kwao. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi wa Kikuyu aliona kwamba sehemu ya ardhi ya kwao imekwisha kupewa walowezi. Mwanamume hutembea na kipande shingoni. Na lugha ya ofisi, ya mahakama kubwa na ya madai ya ardhi ni Kiingereza. Aliona pia kwamba watoto wa Wazungu hawafundishwi kwa njia hiyo. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba elimu imfaayo mwanawe ni ya bustani na kuku, hakusikia habari za ufundishaji mwema. Alisikia kwamba mwanawe amekwisha kupangiwa mahali pake pa chini. Hakuikataa elimu, aliikataa maana iliyofichwa ndani yake.

Ushahidi ulionekana upesi. Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 juu ya tohara ya wanawake, wanafunzi wengi waliziacha shule za misheni, na wazazi wakajenga zao wenyewe. Shule hizo zilihitaji walimu, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua Chuo cha Walimu cha Githunguri. Watu wa rika moja walishindana na wa rika jingine kuchanga fedha, na wanawake wakachangia bweni la wasichana. Watu wale wale waliodhaniwa kuwa wazito wa elimu sasa walikuwa wakiinunua kwa jasho lao, wala hapakuwa na mtu wa kuwabembeleza.

Tena lipo jambo la kuzingatiwa. Koinange alisoma Hampton, huko Virginia, chuo kile kile alichowahi kufundisha Jones, na ambacho ndicho chemchemi ya fikira za elimu ya kazi za mikono. Baadaye alisoma Ohio Wesleyan na Columbia. Basi hakuwa mgeni wa fikira hizo, bali alizijua nyumbani kwake.

Lakini haki yatudai tuseme na upande wa pili. Githunguri ilikuwa na hamu nyingi na uwezo mdogo. Fedha hazikutosha, vifaa vilikuwa haba, na walimu wenye mafunzo kamili walikuwa wachache. Hamu ikiwasha moto, bado yahitajiwa kuni. Chuo hakikupata muda wa kuzitafuta, maana mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilikifunga.

Wala mtu asidhani kwamba jambo hili lilikwisha pamoja na ukoloni. Mwaka 1967 Tanzania ilipotangaza Elimu ya Kujitegemea, nia ilikuwa njema na serikali ilikuwa ya wananchi wenyewe. Hata hivyo, palipokuwa na shule ambayo shamba lake lilitumiwa kama adhabu, au mazao yake hayakujulikana yanakwenda wapi, wanafunzi walililima kwa uchovu ule ule wa siku za zamani.

Basi tunajifunza nini? Kabete ilikuwa na ufundi bila ridhaa. Githunguri ilikuwa na ridhaa bila nyenzo. Chuo cha walimu chenye kutaka wanafunzi wenye hamu hakina budi kuviunganisha vyote. Mwalimu afundishwe mbinu, naam, lakini kwanza afundishwe kuuliza: mtoto huyu na wazazi wake wanaitazamia shule iwafikishe wapi, na somo hili lawaelekeza huko au lawafungia njia? Mwalimu asiyeuliza hayo ataendelea kumwita mvivu mtoto ambaye ameelewa vizuri kabisa anachofundishwa, na kwa sababu hiyo hataki.