Kuchora Kama Dawa: Kutoka Kitanda cha Mgonjwa Hadi Mwembe wa Ujiji

Tuseme uko Buzebazeba, Jumamosi asubuhi. Umesoma mahali kwamba ukiingia kwenye jumba la sanaa na daftari, ukakaa mbele ya picha moja tu na kuichora taratibu, utatoka na nafuu: mawazo yamepungua, moyo umetulia. Sawa. Sasa unakwenda wapi? Manispaa yetu ya Kigoma-Ujiji ina mwalo wa Kibirizi, ina stesheni ya reli iliyojengwa na Wajerumani, ina dagaa na mawese. Jumba la sanaa ya kisasa la kuingia na daftari ni habari nyingine. Nafasi Art Space iko Dar es Salaam, na kutoka hapa hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli.

Nilipoanza kusoma habari hizi nilikuwa na swali hilo, na nisikufiche, nilikuwa na hasira kidogo. Ushauri wa afya unaodai jengo ambalo huna ni kama kuambiwa ule tufaha kila siku wakati umekaa chini ya mwembe. Ila nilivyozidi kuichimba historia yake nikakuta kwamba kuchora kama tiba hakukuanzia kwenye jumba la sanaa hata kidogo. Kulianzia kitandani.

Mwaka 1938 mchoraji wa Kiingereza aitwaye Adrian Hill alilazwa Midhurst, kusini mwa Uingereza, akiugua kifua kikuu. Hill alikuwa amekwisha kuona mengi. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari, akachora mahandaki na miji iliyobomoka. Sasa alikuwa amelala tu. Kumbuka kwamba dawa ya kwanza iliyoweza kuua vijidudu vya kifua kikuu, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943. Kabla ya hapo matibabu yalikuwa kupumzika, kula vizuri, kuvuta hewa safi na kusubiri, miezi na miezi. Hata kwetu ilikuwa hivyo: hospitali ya Kibong'oto, kwenye baridi ya chini ya Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa hao hao.

Hebu jiweke kwenye kitanda hicho. Huruhusiwi kufanya kazi, hujui kama utapona, na wa kitanda cha jirani jana alikuwepo, leo hayupo. Hill akaomba penseli na karatasi, akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake. Baadaye akawafundisha wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 ndiye aliyeyaunganisha maneno mawili, sanaa na tiba, kuwa jina la kazi, na mwaka 1945 akachapisha kitabu, Art Versus Illness. Tuwe wazi hapa: penseli haiui bakteria. Kilichokuwa kinatibiwa ni kule kusubiri.

Hill alifanya na jambo jingine ambalo watu hulisahau. Akishirikiana na Msalaba Mwekundu wa Uingereza, alisaidia kuanzisha mpango wa kukopesha hospitali picha, zitundikwe wodini na wagonjwa wazizungumzie. Yaani, kabla mgonjwa hajapelekwa kwenye jumba la sanaa, jumba la sanaa lilimfuata mgonjwa.

Basi majumba yenyewe yalikuwa yanafanya nini miaka yote hiyo? Kuchora ndani yake kulikuwepo, tena sana, ila kwa sababu tofauti. Louvre ya Paris ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1793, wachoraji walitengewa siku zao za kuingia kunakili kazi za mabingwa. Ulikuwa ndio mtihani wa ufundi: mkono wako uufuate mkono wa bwana mkubwa mpaka usitofautike. Hakuna aliyekuuliza kama unajisikiaje.

Na hapa ndipo historia yetu Afrika Mashariki inaponoga, kwa sababu sisi tulianza kwa kukataa kunakili. Katika miaka ya 1930, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, Uganda. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Mara nyingi alikuwa akiwasimulia tukio kwa maneno, soko, arusi, mvua inayokuja, nao walione kichwani kwanza, kisha walichore. Mbinu hiyo ina kasoro zake (mwalimu wa kikoloni akiamua nini ni "cha Kiafrika" na nini si chake, hilo ni somo la siku nyingine), lakini walitoka humo watu wazito, wakiwemo Watanzania wawili wa Kilimanjaro: Sam Ntiro, aliyekuja kuwa Balozi wa Tanganyika London baada ya uhuru, na Elimo Njau wa Marangu.

Njau ndiye anayenihusu zaidi. Mwaka 1959 alichora picha kubwa tano ukutani katika kanisa la kumbukumbu huko Murang'a, Kenya, mahali palipojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Yesu wa picha hizo ni Mwafrika, na milima iliyo nyuma yake ni ya pale pale. Fikiria watu waliopoteza ndugu, wengine wakiwa upande huu na wengine upande ule, wameketi Jumapili hadi Jumapili mbele ya picha zile. Hakuna aliyewapima homoni. Lakini kama kuna mahali katika ukanda wetu ambapo mtu alichora akijua kwamba watazamaji wake wana majeraha, ni pale.

Mwaka 1965 yeye na wenzake wakafungua Nairobi jumba la sanaa wakaliita Paa ya Paa. Wenye sarufi mtalalamika, lakini mchezo wa maneno unauona: paa mnyama, na kupaa kwenda juu. Njau alikuwa mkali kuhusu kuigana, na alikuwa na sababu: tayari vinyago na picha za kuwauzia watalii zilikuwa zinarudufiwa kama chapati. Mwaka 1997 moto uliunguza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwamo, na bado mahali pale pakaendelea.

Sasa utaniuliza: kama walimu wetu walipinga kunakili, mbona leo tunaambiwa tukae mbele ya kazi ya mtu tuichore? Huko si kurudi Louvre?

Nadhani kilichobadilika ni lengo. Anayenakili anataka mchoro. Anayechora ili atulie anataka kutazama, na mchoro ukiharibika si neno. Na kutazama ni jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Watafiti waliowavizia wageni wa jumba la Metropolitan, New York, walitoa matokeo yao mwaka 2001: kwa wastani mtu alisimama mbele ya picha sekunde 27 hivi, na nusu yao hawakuzidi sekunde 17. Sekunde 17! Hata mgebuka haugeuki kwenye kikaango. Ukiwa na penseli huwezi kuondoka mapema hivyo, maana mkono unakudai: huu mstari unaishia wapi? kivuli kinaanzia wapi? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha pia kwamba watu hukumbuka vizuri zaidi maneno ya vitu walivyovichora kuliko maneno waliyoyaandika tu, hata kama mchoro ni wa hovyo na umechukua sekunde chache.

Na utulivu je? Kipimo kinachopendwa ni kotisoli, homoni inayopanda tukiwa na msongo, na inapimika kwenye mate. Mwaka 2006 wafanyakazi wa kati ya London walipelekwa jumba la Guildhall wakati wa mapumziko ya mchana, na kotisoli yao ikashuka. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake huko Philadelphia waliwapa watu wazima 39 rangi, udongo na karatasi kwa dakika 45. Kwa takriban robo tatu yao kotisoli ilishuka, wenye uzoefu wa sanaa na wasio nao.

Usishangilie bado. Kotisoli ina tabia yake: asubuhi iko juu, kisha inateremka yenyewe siku nzima. Utafiti wa watu 39 usio na kundi la kulinganishia, yaani watu waliokaa tu dakika 45 bila kuchora, hauwezi kukuambia ni kiasi gani kimeshushwa na udongo na kiasi gani kimeshushwa na saa. Na hizi ni dakika, si miezi. Vichwa vya habari vikisema "sanaa inatibu", mimi nasoma "sanaa inatuliza, kwa muda, watu wengi kiasi". Hilo si dogo. Lakini mtu aliyekosa usingizi wiki mbili na anawaza kujidhuru apelekwe hospitali ya Maweni, asipewe rangi za maji.

Mwaka wa pili wa tasnifu yangu usingizi ulianza kunipaa na mimi. Nikiwa likizo nyumbani, nikachukua daftari la mistari na penseli, nikapanda daladala hadi Ujiji, kwenye makumbusho ya Dkt. Livingstone. Wengi tulipelekwa pale na shule, tukapita mbio, sekunde zetu 17. Sanamu za Livingstone na Stanley zinaamkiana mle ndani, na nje iko miembe inayosemwa ni kizazi cha ule waliokutana chini yake mwaka 1871. Nilianza na sanamu, nikashindwa na vidole. Nikatoka, nikakaa chini, nikauchora mwembe.

Ilinichukua karibu saa nzima kufika kwenye matawi. Gome lilikuwa na mikunjo ambayo, kwa miaka yote ya kupita pale, sikuwahi kuiona. Mtoto mmoja wa jirani, wa darasa la pili au la tatu, alikuja akasimama nyuma yangu kimya, akatazama daftari, akatazama mti, akarudi kwenye daftari.

"Shikamoo kaka. Mbona hujaweka sisimizi?"

Nikainua macho. Walikuwa wamejipanga kuanzia chini kabisa ya shina hadi kwenye tawi la kwanza, na wengine walikuwa tayari kwenye kiatu changu.