Upepo, Ilimba na Nchi Kavu: Kutoka Ugogo hadi Makambako

Tanzania haina jangwa, lakini katikati yake upo ukanda wa nchi kavu unaoanzia Singida na Dodoma, ukafuata bonde la Ruaha hadi tambarare za Usangu, magharibi ya Makambako, mkoani Njombe. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, ilhali Njombe, iliyo kwenye nyanda za juu, hupata zaidi ya milimita 1,000. Hata hivyo, upepo ni wa pande zote mbili. Serikali ilipopima nguvu ya upepo kwa ajili ya umeme, maeneo mawili yalijitokeza: Kititimo mkoani Singida, na Makambako, yenye wastani wa mita 8.9 kwa sekunde.

Katika nchi hiyo kavu Wagogo, wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, walijenga muziki wenye nafasi pana na mvumo usiokatika. Ala zake kuu ni izeze, yenye nyuzi, na ilimba, sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye ilimba kubwa baadhi ya vijiti havipigwi kabisa. Huitikia tu vingine vinapotikisika. Tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa buibui, nao huongeza mvumo kila sauti inapotoka.

Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, alieleza kwamba mpangilio wa sauti za Kigogo unafuata sauti moja ya msingi. Uzi ukitetemeka hutoa sauti ya msingi, na juu yake sauti nyembamba zilizojificha. Wagogo huimba kwa kufuata ngazi ya nne hadi ya tisa ya sauti hizo. Ndiyo sababu waimbaji wengi husikika kama mvumo mmoja mpana.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alizunguka Tanganyika na mitambo yake akirekodi muziki wa Wagogo, Wahehe na wengine. Baada ya uhuru, mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma, Dodoma, mwaka 1938, aliitwa Dar es Salaam wakati wa Rais Nyerere, kisha akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981.

Kabla ya hapo, huko Uingereza, mwanamuziki Brian Eno alikuwa ameupa jina muziki wa ambienti mwaka 1978: muziki wa polepole, usio na haraka ya mdundo, unaomzunguka msikilizaji kama mazingira. Michael Brook wa Kanada, aliyefanya kazi na Eno, alikutana na Zawose, na mwaka 2002 wakatoa albamu ya *Assembly* kupitia kampuni ya muziki ya Real World. Magitaa na mitambo ya Brook ilirefusha mvumo ambao ilimba ilikuwa nao tayari. Zawose alifariki Bagamoyo mwishoni mwa 2003.

Njombe ilifuata njia nyingine. Wamisionari wa Berlin walifika Ubena, nchi ya Wabena huko Njombe, mwishoni mwa karne ya 19, na kwaya za Kilutheri zikawa shina la muziki wa mjini na vijijini. Sauti za nchi nazo zikabadilika: kampuni ya miwati, TANWAT, ilianzishwa 1949, mashamba ya paini yakaenea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikaleta honi za treni katika stesheni ya Makambako.

Kazi ya Zawose inaonyesha kwamba muziki wa ambienti hauanzi na mashine. Huanza na sikio linalojua mvumo wa nchi yake, na ala iliyotengenezwa kuupokea. Mtunzi wa Makambako ana upepo, misitu, reli na kwaya. Inafaa azirekodi sauti hizo sasa, kabla hazijabadilika tena.