Wafumaji wa Ashuri na Njia ya Kanesh

Historia ya misafara huandikwa mara nyingi kwa majina ya wenye punda. Aliyesokota uzi hutajwa mwishoni, kama akitajwa. Katika kurasa hizi tunakusudia kuigeuza desturi hiyo, kwa kuitazama njia moja ya kale iliyounganisha mji wa Ashuri, kando ya mto Tigri katika Irak ya leo, na mji wa Kanesh huko Anatolia, nchini Uturuki. Njia hiyo ilipita kilomita elfu moja, na punda waliitembea kwa muda wa wiki sita hivi. Habari zetu ni za karne ya 19 kabla ya Kristo.

Mwaka 1925 mtaalamu Bedřich Hrozný alichimba mahali paitwapo Kültepe, akagundua mtaa wa wafanyabiashara wa Kiashuri. Hadi leo vimepatikana huko vibao vya udongo zaidi ya 22,000: barua, hati za deni, hesabu. Kwa bahati njema, zimo pia barua za wanawake waliobaki Ashuri.

Bidhaa zilizopelekwa Kanesh zilikuwa hasa mbili, bati na nguo za sufu. Fedha na dhahabu ndizo zilizorudi. Bati lilitoka mbali upande wa mashariki, nalo lilipita tu Ashuri. Nguo nyingine zilinunuliwa kwa watu wa Babilonia. Lakini sehemu ya nguo hizo ilifumwa nyumbani, na mke, binti zake na wajakazi wake.

Kazi hiyo haikuwa ya kupoteza wakati. Mfanyabiashara Puzur-Ashur alimwandikia mwanamke aitwaye Waqqurtum maagizo kamili: mtande ubanwe, kila nguo iongezwe sufu mina moja, karibu nusu kilo, kuliko ile iliyotangulia, lakini ibaki nyembamba, urefu uwe dhiraa 9 na upana 8, yaani mita nne na nusu kwa nne. Msomaji apime sakafu ya chumba chake. Tena sufu zaidi katika nguo isiyonenepa maana yake ni uzi mwembamba zaidi, na aliyewahi kushika pia ya kusokotea anajua hizo ni siku ngapi.

Wanawake hawa hawakukaa kimya. Lamassi, mke wa mfanyabiashara mashuhuri Pushu-ken, alichoka kuambiwa kwamba nguo zake si nzuri. Alimwuliza mumewe ni nani huyo akaaye nyumbani kwake anayezitia ila nguo zake, hali yeye hujitahidi kufuma ili kila msafara uiletee nyumba fedha kidogo. Kwa maoni yetu, hiyo si sauti ya msaidizi bali ya fundi anayetetea kazi yake.

Hapa neno moja litufae. Kwa Kiswahili, «fedha» ni madini na ni pesa pia. Kwa Kiakadi, lugha ya barua hizi, «kaspum» vilevile. Mwanamke alipodai «kaspum» ya nguo zake, alidai bei. Kwa bei hiyo alinunua nafaka na sufu. Mwingine alikopesha, na hati ikaandikwa kwa jina lake.

Ilipochelewa, nyumba iliteseka. Taram-Kubi alimlalamikia mumewe Innaya kwamba aliondoka akiiacha nyumba tupu, tena mjini mna njaa, naye amelaumiwa kwa ubadhirifu! Huko mbali, desturi ilimruhusu mume kuoa mke wa pili, mradi asiwe na cheo kilekile na yule wa kwanza. Hivyo, fedha iliyochelewa ilizua pia swali ambalo barua hazikulitamka daima.

Lamassi alipima muda kwa kipimo chake mwenyewe. Alimkumbusha Pushu-ken kwamba tangu aondoke, Shalim-ahum amekwisha kujenga nyumba mara mbili, kisha akamwuliza wao watajenga lini.